Kwa nini MRI haiwezi kukamata "vijeba" kwenye timu za wasichana

Oktoba 2022 Serengeti Girls walikwenda India kucheza Kombe la Dunia la wasichana wa chini ya miaka 17. Mechi ya kwanza Japani wakatupiga 4-0, na wengi wetu tukajua safari imeishia pale. Siku tatu baadaye wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare ya 1-1 na Kanada, wakaingia robo fainali, ambako Kolombia iliwatoa kwa 3-0. Miaka miwili baadaye ikawa zamu ya majirani. Junior Starlets wa Kenya walicheza mashindano hayo hayo kule Jamhuri ya Dominika, wakawa timu ya kwanza ya soka kutoka Kenya kufika Kombe la Dunia la FIFA la ngazi yoyote ile, na hawakurudi mikono mitupu kwa sababu waliifunga Meksiko 2-1.

Sasa, timu za vijana zikianza kufanya vizuri, kuna maneno lazima utayasikia. Kijiweni, kwenye daladala, kwenye kundi la WhatsApp: "Huyu ndiye mtoto wa miaka 16? Acheni utani, huyo kijeba." Halafu mwingine anadakia: "Si wawapime tu MRI kama wanavyowapima wavulana, mambo yaishe?"

Ni swali zuri, na anayeuliza hajakosea kudhani kuwa kipimo kipo. Kipo kweli. Ila kwa wasichana hakifanyi kazi ambayo watu wanadhani kinafanya, na sababu yenyewe iko ndani ya mfupa.

Twende taratibu. Mifupa mirefu ya mtoto hairefuki kila mahali kama mpira wa kuvutwa. Inarefukia karibu na ncha zake, kwenye tabaka jembamba la gegedu ambalo hapa nitaliita bamba la ukuaji. Seli za gegedu hujigawa, hujipanga kama matofali, kisha zile za nyuma hugeuzwa kuwa mfupa mgumu. Bamba likiendelea kuzalisha gegedu, mtoto anarefuka. Ukifika wakati fulani uzalishaji unakwisha, gegedu lote linageuka mfupa, na ncha inaungana na mwili wa mfupa. Bamba limefunga. Likishafunga halifunguki tena.

Mifupa ya mwili haifungi yote siku moja. Mmoja wa wale wanaochelewa ni radiasi, yaani ule mfupa wa mkono ulio upande wa kidole gumba, kwenye ncha yake ya chini karibu na kifundo. Ndiyo maana wataalamu wanaotafuta mpaka kati ya utoto na utu uzima huangalia hapo.

Zamani kazi hii ilifanywa kwa eksirei. Tatizo ni kwamba eksirei hutumia mionzi, na kumpiga mtoto mzima wa afya mionzi ili tu acheze mpira ni jambo gumu kulitetea kimaadili. MRI hutumia sumaku na mawimbi ya redio, haina mionzi ya namna hiyo. Watafiti wa FIFA wakapima vifundo vya mamia ya wavulana wa miaka 14 hadi 19 kutoka nchi nne, Uswisi, Malaysia, Algeria na Ajentina, wakachapisha matokeo mwaka 2007. Waligawa hali ya bamba katika madaraja sita, kuanzia bamba lililo wazi kabisa hadi lililofunga kabisa. Kwa wavulana walio chini ya miaka 17, waliofika daraja la sita walikuwa chini ya asilimia 1. Kuanzia mashindano ya wavulana ya 2009 nchini Nigeria, FIFA ikaanza kukitumia kipimo hicho rasmi.

Hapa kuna jambo ambalo mijadala ya mpira hulipita kwa kasi. Kipimo hiki hakisemi mtu ana miaka mingapi. Kinajibu swali moja dogo tu: je, bamba hili limefunga? Kama limefunga, ni vigumu sana kuamini kwamba mvulana huyu hajafika 17. Lakini kama halijafunga hujathibitisha chochote, maana kuna vijana wa miaka 18 au 19 ambao mabamba yao bado yako wazi. Mtoto aliyekula vibaya au kuugua muda mrefu akiwa mdogo anaweza kuchelewa kukomaa mifupa. Kwa hiyo kijeba anaweza kupita. Kipimo kimetengenezwa kwa makusudi kiwe hivyo: afadhali kimwache mwenye hatia apite kuliko kumfukuza asiye na hatia.

Basi, na wasichana?

Kitu kinachoamuru bamba lifunge ni homoni ya estrojeni. Watu wengi wanaijua kama homoni ya kike, lakini hata kwa wavulana ndiyo inayofanya kazi hiyo. Mwili wa mvulana huchukua sehemu ya testosteroni na kuigeuza kuwa estrojeni kwa kutumia kimeng'enya kinachoitwa aromatesi. Tulikuja kulijua hili vizuri mwaka 1994, madaktari wa Marekani walipoandika habari za mwanamume mmoja wa miaka 28 mwenye urefu wa sentimita 204 ambaye alikuwa bado anarefuka. Testosteroni alikuwa nayo ya kawaida, na estrojeni alikuwa nayo pia. Ila kasoro katika vinasaba vyake ilifanya seli zake zisiweze kuipokea ile estrojeni. Ujumbe ulitumwa, mpokeaji hakuwepo. Mabamba yake yakabaki wazi kama ya kijana wa miaka 15.

Ukishaelewa hilo, mengine yanajipanga yenyewe. Wasichana huanza balehe mapema kuliko wavulana, kwa wastani kati ya mwaka mmoja na miwili, na ovari zao humwaga estrojeni moja kwa moja. Mabamba yao hupata amri mapema, na hufunga mapema. Msichana aliyevunja ungo mapema anaweza kuwa na kifundo kilichofunga kabisa akiwa na miaka 15 au 16 halali, cheti halali, kila kitu halali.

Wapo waliolipima jambo hili badala ya kulikisia. Mwaka 2016, kundi la watafiti waliohusika na kazi ya FIFA walichapisha utafiti kuhusu wachezaji wa kike, na hitimisho lao waliliweka kwenye kichwa cha makala yenyewe: MRI ya kifundo haipendekezwi kuamua umri wa wachezaji wa kike katika mashindano ya chini ya miaka 16 na 17. Wasichana wenye umri halali waliokuwa tayari wamefunga walikuwa wengi mno.

"Wengi mno" ni wangapi hasa ili kipimo kiharibike? Tufanye hesabu ya mfano. Namba hizi nimezibuni ili tuone mantiki tu, usizinukuu. Chukua wachezaji 100, ambao 90 ni wakweli na 10 ni vijeba. Kwa wavulana, tuseme asilimia 1 ya wakweli wamefunga na asilimia 60 ya vijeba wamefunga. Utafukuza kama 7: sita vijeba, mmoja kaonewa. Inauma, lakini kamati inaweza kuishi na hilo. Kwa wasichana, tuseme asilimia 20 ya wakweli wamefunga na asilimia 90 ya vijeba wamefunga. Utakamata vijeba 9 kati ya 10, safi sana. Ila pamoja nao utafukuza wakweli 18. Kati ya 27 uliowatoa, theluthi mbili hawakudanganya mtu. Kumbe kipimo kinaweza kukamata karibu vijeba wote na bado kikawa cha dhuluma, kwa sababu wakweli ni wengi kuliko waongo, na kosa dogo kwa kundi kubwa huzaa watu wengi.

Kuna kingine kinachozidisha tatizo, nacho ni hilo jina "chini ya miaka 17". Kwa India 2022, kanuni ilimruhusu aliyezaliwa tarehe 1 Januari 2005 au baada ya hapo. Piga hesabu: msichana wa Januari 2005 alikuwa na miaka 17 na miezi tisa siku ya mashindano, na alikuwa halali kabisa. Wasichana wengi wa umri huo kifundo kinakuwa kimefunga au kiko ukingoni kufunga. Ungempima, ungemtoa, na kanuni yako mwenyewe ingekuwa imemruhusu.

(Na hapo hapo unaona kwa nini waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka huwa wengi kwenye timu za vijana duniani. Wa Januari na wa Desemba wanahesabiwa mwaka mmoja, lakini mmoja kamzidi mwenzake miezi 11 ya kukua. Makocha huita hiyo kipaji. Siku nyingine tutaiandikia makala yake.)

Je, tusubiri teknolojia nyingine? Inayotajwa sana ni "saa" ya vinasaba. Juu ya DNA kuna alama ndogo za kikemia zinazobadilika kadiri tunavyozeeka, na mwaka 2013 ilichapishwa njia maarufu ya kuzisoma na kukisia umri. Kosa lake la kawaida lilikuwa miaka 3.6. Kwa daktari anayechunguza uzee, hiyo ni kazi nzuri sana. Kwa mwamuzi anayetaka kutenganisha 16 na 18, haina msaada. Zimetengenezwa nyingine za watoto ambazo ni makini zaidi, lakini nazo zinasoma mwili, kama MRI. Mwili una kasi yake. Mtoto wa Kigoma na wa Oslo waliozaliwa saa moja hawana lazima ya kukomaa pamoja, na hata mapacha wasiofanana hapo Mbagala hawana lazima hiyo. Tarehe ya kuzaliwa ni tukio lililotokea nje ya mwili. Haikuandikwa kwenye mfupa.

Imeandikwa wapi, basi? Kwenye karatasi, kama imeandikwa. Na hapa ndipo mimi naona tatizo halisi lilipo, ingawa halina mvuto wa mashine ya mabilioni. Sensa ya 2012 ilionyesha kuwa ni takriban asilimia 13 tu ya watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania Bara waliokuwa na cheti cha kuzaliwa. Msichana aliyecheza India alizaliwa kabla ya hapo. Kwa wengi wa rika lake, cheti kilikatwa ukubwani, pale kilipohitajika: mkopo wa chuo, pasipoti, au nafasi ya timu ya taifa. Cheti cha kuchelewa si lazima kiwe cha uongo, wengi wanakata kwa nia njema kabisa. Lakini kimetengenezwa kwa kumbukumbu za mama, kadi ya kliniki iliyochakaa, cheti cha ubatizo au kiapo, na kinakatwa wakati ambapo tayari kuna faida ya kupunguza miaka miwili.

Muda ndio kila kitu hapo. Kudanganya umri wa msichana wa miaka 18 aonekane wa 16 ni rahisi. Kumdanganya wa miaka sita aonekane wa minne, darasani, mbele ya mwalimu anayeona meno yake yakitoka, ni kazi, na hakuna anayejisumbua kwa sababu hakuna anayejua kama atakuja kuwa mchezaji. Karatasi ya zamani ina nguvu kwa sababu iliandikwa kabla ya mtu yeyote kuwa na sababu ya kudanganya. Ndiyo maana orodha ya wachezaji wa UMITASHUMTA wakiwa shule ya msingi, ikihifadhiwa vizuri pamoja na tarehe zao, ingemsaidia mkaguzi wa umri kuliko kifundo cha mkono. Rejista ya darasa la kwanza ingemsaidia zaidi. Kadi ya kliniki yenye uzito wa mtoto kila mwezi, zaidi ya zote: hakuna anayeghushi mwaka mzima wa kilo na gramu.

Wanaolipa gharama ya pengo hili ni wasichana wenyewe, wa pande zote mbili. Yupo wa miaka 15 anayekosa nafasi kwa sababu imechukuliwa na dada wa 19. Yupo pia wa 15 mwenye nyonga na mabega, aliyekomaa mapema, ambaye kila akigusa mpira jukwaa linamwita mama, na hana mfupa wala mashine ya kumtetea.

Mwaka 2013 RITA ilianza Mbeya mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano, usajili ukifanyika kwenye vituo vya afya na ofisi za kata badala ya mtu kusafiri hadi wilayani, na baadaye mpango ukasambaa mikoa mingine. FIFA nayo imeyafanya mashindano haya ya wasichana kuwa ya kila mwaka, kwa timu 24, huko Moroko kuanzia 2025 hadi 2029. Mtoto wa kike aliyezaliwa Mbeya 2013 na kupewa cheti akiwa mgongoni kwa mama yake ataweza kucheza U-17 hadi mwaka 2030.