Fuawe la Mhunzi: Msilivunje Wala Msiliuze

Wakulima wa Singida, wakilima au wakichimba msingi wa nyumba, pengine hukuta jiwe kubwa lenye uso laini, au pande zito la chuma lisilojulikana kazi yake. Mmoja husema, "Hii ni alama ya mali ya Wajerumani," akalivunja. Mwingine humwita mnunuzi wa vyuma chakavu. Ngojeni kwanza! Huenda ni fuawe, yaani kile kitu ambacho mhunzi huweka juu yake chuma chenye moto ili akigonge kwa nyundo.

Zamani jembe halikununuliwa dukani. Lilitoka kwa mhunzi, mtu wa makaa na mivukuto ya ngozi. Bila yeye hapakuwa na jembe, mkuki wala mshale. Katika sehemu nyingi za bara, majembe yalitolewa hata mahari. Basi fuawe si takataka.

Tutalitambuaje? Yako ya namna tatu.

Kwanza, fuawe la jiwe. Watu wengi hulidhani ni jiwe la kusagia. Lakini jiwe la kusagia lina bonde katikati, kwa sababu mama zetu walisaga mtama juu yake miaka mingi. Fuawe ni bapa, limeng'aa kwa mapigo, na kingo zake zimemeguka. Tazameni pia chini. Je, yapo mavi ya chuma, vipande vya mabomba ya udongo, au makaa? Chukueni sumaku ya spika ya redio mbovu, ifungeni kwa karatasi, mkaipitishe juu ya udongo. Chuma cha moto kikigongwa hutoa magamba membamba meusi, nayo hunaswa na sumaku. Mchanga mweusi wa kawaida nao hunaswa, ila huo ni punje, si magamba.

Pili, kipande cha reli. Wahunzi wengi wa vijijini hufulia juu ya reli. Mkoani kwetu ilikuwako njia ya reli kutoka Manyoni mpaka Kinyangiri, iliyojengwa katika miaka ya 1930 na kung'olewa katika miaka ya 1940. Kwa hiyo kipande cha reli kilichobonyea juu kwa nyundo chaweza kuwa na habari ndefu.

Tatu, fuawe la Ulaya. Hili lina pembe upande mmoja, na tundu la mraba juu. Someni ubavuni. Mafuawe mengi ya zamani ya Uingereza yana tarakimu tatu. Ya kwanza zidisheni kwa 112, ya pili kwa 28, ya tatu iacheni ilivyo, kisha jumlisheni. Mfano, 1-2-10 ni ratili 178, karibu kilo 81.

Sasa jambo kubwa: msilihamishe. Jiwe likiisha kupelekwa uani kwa mwenye shamba, nani atajua tena kwamba lilikaa karibu na tanuri? Magamba na makaa hubaki kule kule, na jiwe huwa jiwe tu. Wekeni alama, kisha mwambieni mwenyekiti wa kijiji apeleke habari wilayani. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya mwaka 1863, na mwenye kuvikuta anapaswa kutoa habari serikalini.

Wenzetu Wasukuma wametangulia. Katika makumbusho ya Bujora, karibu na Mwanza, yaliyoanzishwa na Padre David Clement, ipo nyumba ya mhunzi, na watoto huingia kuona kazi ya babu zao.

Enyi wazazi, jioni ya leo waulizeni wazee: nani alikuwa mhunzi hapa, na alifulia wapi? Andikeni jina lake na mahali pake katika daftari. Mnunuzi wa vyuma hulipa kwa kilo, lakini jina la mhunzi hawezi kulirudisha.