Visiwa vidogo vya bahari: mali inayozaa kila mwaka, kama baruti haifiki

Kila siku kamyo za shaba zinatoka Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, zinapita Kasumbalesa, zinavuka Zambia, zinaenda kushusha mali ku bandari ya Dar es Salaam. Mashofere wetu wanajua ile barabara sawa vile wanajua kiwanja chao. Mama wa biashara nao wanafika kule, wanalala karibu na soko la Kariakoo, wananunua vitu, wanarudi. Wengi wao wameona bahari paka kwa dirisha ya gari. Kumbe karibu kabisa na ule muji kuko visiwa vidogo, mutu anaweza kwenda asubui na kurudi magaribi, na ndani ya maji yake kuko nyama ambazo sisi watu wa nchi kavu hatuzijue.

Karibu na Dar es Salaam

Upande wa kaskazini wa muji kuko visiwa vine: Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini. Tangu 1975 serikali ya Tanzania iliviweka chini ya ulinzi juu ya kuchunga samaki na viumbe vingine. Kwenda Bongoyo watu wanapanda bwato ya moteri ku Msasani. Kwenda Mbudya wanapandia ku Kunduchi. Safari haifikishi hata saa moja. Kule unavaa miwani ya maji, unaingiza kichwa chini, unaangalia.

Kitu cha kwanza utaona ni matumbawe, yale Wafaransa wanaita corail. Wengi wanazani ni mawe. Hapana, ni nyama. Nyama ndogo sana, zinakaa maelfu kwa maelfu pamoja, na kila moja inajenga nyumba yake ya chokaa juu ya nyumba za wale waliokufa. Mengine yanaongezeka sentimeta chache kwa mwaka. Yale mazito ya duara, mara nyingi karibu sentimeta moja tu. Kama unaona limoja lenye urefu wa pipa ya mafuta, ujue lilianza kujengwa mbele babu yako hajazaliwa. Na njo mule samaki wadogo wanajificha, wanakula, wanazaliana. Bila matumbawe, samaki hawana nyumba.

Wavuvi waliokuwa walinzi

Ukivuka na ferry mpaka Zanzibar, karibu na muji kuko kisiwa cha Chumbe. Ni kidogo: urefu wake karibu kilometa moja. Kiko na munara wa taa uliojengwa 1904. Mwaka 1994 uvuvi ukakatazwa upande wake wa matumbawe. Leo watu wanahesabu kule zaidi ya aina 400 za samaki. Usiku anatoka kaa wa nazi, kaa mukubwa kushinda wote wa nchi kavu, mwenye nguvu ya kupasua nazi na makasi yake.

Lakini jambo la maana ni hili: wale waliochaguliwa kulinda walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani. Hawana bunduki. Wakiona bwato inaingia, wanaifuata, wanaongea na mwenzao kwa luga yake, wanamuelezea: samaki wakizaliana humu kwa amani, watoto wao watatoka na kuingia mu wavu yako kule inje. Mishahara inatoka ku makuta ya wageni wanaokuja kutembelea. Na wanafunzi wa Zanzibar wanaletwa kule kusoma bahari kwa macho yao, si ndani ya kitabu tu.

Samaki mukubwa kushinda wote

Mbali zaidi, upande wa kusini, kuko kisiwa cha Mafia. Sehemu yake kubwa ya bahari inalindwa tangu 1995. Ilikuwa hifadhi ya kwanza ya namna ile mu Tanzania. Kuanzia mwezi wa kumi mpaka mwezi wa tatu, mbele ya Kilindoni, anaonekana papa potwe. Huyu njo samaki mukubwa kushinda wote duniani. Akikomaa anaweza kupita metre kumi. Mugongo wake iko na matone meupe sawa nyota. Usiogope: hakuli mutu. Anafungua kinywa, anameza maji, anachuja vidudu na visamaki vidogo, basi. Wageni wanaogelea pembeni yake, lakini sheria iko: hapana kumugusa, hapana kumukata njia, na bwato isimukaribie.

Ku kisiwa cha Juani, pale pale Mafia, kasa, maana yake kobe ya bahari, anapanda usiku ku muchanga. Anachimba shimo, anaweka mayai karibu mia moja, anafunika, anarudi mu maji. Kisha miezi miwili hivi, watoto wanatoka na kukimbilia bahari. Wachache sana wanafikia ukubwa. Zamani mutu akiona kiota alikula mayai. Leo mwanakijiji anayekionyesha na kukilinda anapata kitu, na mugeni anayekuja kuangalia watoto wakitoka analipa. Mayai yale yale, lakini faida inarudi mwaka ujao.

Neno linalotugusa sisi watu wa mine

Ku pwani ya Tanzania watu walivua na baruti kwa miaka mingi, hata kama sheria inakataza tangu 1970. Ingine ilitengenezwa mu nyumba, lakini ingine ilitoka mu mine, mu karieri na ku kazi za barabara. Mutu wa mine anajua baruti inafanya nini ku mwamba. Ndani ya maji ni vile vile. Ile pumzi samaki anabeba ndani ya tumbo inapasuka. Wengine wanaelea, wengi wanazama na kuoza bure. Mayai na watoto wanakufa. Matumbawe ya miaka mia yanakuwa kokoto, na kokoto inayobingirika haina fasi ya mutoto wa matumbawe kushika. Wavuvi nao: wangapi walipoteza mukono ao macho?

Kuanzia 2016 hivi, serikali ilikaza, na milio ya baruti ikapunguka sana. Lakini amri inakamata mutu, hairudishe mwamba. Pale palipopasuliwa kutaomba miaka makumi.

Kwa hiyo, ndugu wanaoshika funguo za gala ya baruti, hesabu ya jioni si karatasi tu. Kartushi moja iliyotoka bila kuandikwa inaweza kuua samaki wa kijiji kizima mahali ambapo hautafika. Na sisi tuko na Moero na Tanganyika. Kule nako wavu ya moskitere inakusanya mpaka watoto wa samaki, kisha tunauliza kwa nini ndakala wanapanda bei.

Shaba ukiitoa, imetoka. Potwe anaonyeshwa leo, kesho na mwaka ujao, na kila mara mwenye bwato anapata chakula cha watoto.

Wewe unayeenda Dar es Salaam mwezi huu, ukimaliza biashara, tafuta nusu siku. Uliza bei mbele ya kupanda bwato, lipa kiingilio cha hifadhi na uchukue risiti, juu makuta yale njo yanalipa mulinzi. Ndani ya maji usisimame juu ya matumbawe. Usinunue makombe wala gamba ya kasa, hata kama wanakubembeleza. Kisha rudi, uwaelezee watoto ulichoona.