Barua Pepe ya Westlands Iliyopitia Ng'ambo

Sogeeni karibu, niwasimulie jinsi Nairobi ilivyogeuka kuwa mji wa watu wa kompyuta. Habari yenyewe inaanza na barua pepe iliyotumwa kutoka Westlands kwenda Upper Hill, humo humo mjini. Huo ni mwendo ambao kijana mwenye pumzi huumaliza kwa miguu. Lakini mwaka 2000, barua hiyo ilikwenda kwanza Ulaya au Marekani, ndipo ikarudi.

Sizui. Siku zile kila kampuni iliyouza intaneti mjini ilikuwa na njia yake ya kutokea nje, wala zenyewe kwa zenyewe hazikuunganishwa. Kama wewe ulikuwa mteja wa kampuni hii na rafiki yako wa ile, maneno yako yalirushwa hadi kwenye setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu yetu, yakashuka ng'ambo, yakakabidhiwa kampuni ya pili huko huko, yakapandishwa tena na kuteremshwa Nairobi. Piga hesabu: ni kilomita 144,000, zaidi ya mara tatu ya kuizunguka dunia, ili kumwambia mtu "tukutane saa nane". Na safari yote ililipiwa kwa dola.

Mwishoni mwa mwaka huo kampuni hizo zilichoka. Zikaanzisha kituo cha kubadilishana mawasiliano hapo hapo mjini, kiitwacho KIXP. Ukiingia katika kituo cha aina hiyo hutaona maajabu: chumba chenye baridi, kabati la chuma, mashine zenye vitaa vya kijani, na nyaya za kila kampuni zimechomekwa mahali pamoja. Ila Telkom Kenya, ambayo kwa sheria ya wakati ule ndiyo pekee iliyoruhusiwa kupitisha intaneti ya kwenda nje ya nchi, hata ile ya kampuni hizo, ililalamika kwamba inaingiliwa. Mdhibiti wa serikali akaamuru kituo kifungwe. Kilikuwa kimeishi wiki mbili hivi. Wenye kampuni hawakunyamaza, na hoja yao hata mtoto wa darasa la pili angeielewa: barua inayotoka Nairobi kwenda Nairobi ina ukimataifa gani? Februari 2002 kituo kikafunguliwa tena.

Wengi hupenda kusema teknolojia ya Nairobi ilianza na M-Pesa, huduma ya kutumiana pesa kwa simu. Mimi nasema ilianza na kabati lile la chuma, ingawa hakuna mtalii anayepelekwa kupiga nalo picha.

Haya, M-Pesa, maana najua mnaingojea. Zamani mtu wa Nairobi akitaka kumpelekea mama yake pesa Kisumu, alizitia kwenye bahasha, akampa dereva wa basi, kisha akaomba Mungu. Mwaka 2005 kampuni za simu za Safaricom na Vodafone, kwa mchango wa fedha kutoka serikali ya Uingereza, zilianza jaribio la kuwawezesha wakopaji wadogo kulipa mikopo yao kwa simu. Wakopaji wakaipokea, halafu wakaigeuza: badala ya kulipa mkopo tu, wakatumiana pesa wao kwa wao. Waliosimamia jaribio walikuwa na akili ya kutowakataza. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, mikopo iliwekwa kando, na watu wakaambiwa watume pesa nyumbani.

Intaneti haikuhitajika, simu ya mulika mwizi ilitosha. Kilichohitajika ni wakala, na wakala alikuwa mwenye duka lile lile la sukari na sabuni. Juu ya kaunta aliweka daftari kubwa lenye mistari: tarehe, namba ya kitambulisho, kiasi, sahihi. Mteja akiweka pesa, aliandikwa kwa kalamu huku simu ya wakala ikilia kuthibitisha. Kwa hiyo mfumo uliokuja kusifiwa duniani kote uliegemea kalamu ya mwenye duka, na uaminifu wake.

Mwishoni mwa mwaka huo huo mambo yakaharibika. Uchaguzi wa Desemba 2007 ulizua ghasia, na zaidi ya watu 1,000 wakauawa. Matangazo ya moja kwa moja yalipigwa marufuku, uvumi ukajaa kila mahali. Mwanasheria Ory Okolloh, aliyekuwa akiandika habari za siasa mtandaoni, aliuliza kama kuna wataalamu wanaoweza kutengeneza ramani ya kuonyesha matukio yanatokea wapi. Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia wakaitikia. Hawakuwa wakiishi mji mmoja, Kobia alikuwa Marekani, lakini katika siku chache ramani ilikuwa tayari. Mwananchi alituma ujumbe mfupi kusema nyumba zimechomwa au barabara imefungwa mahali fulani, habari ikakaguliwa, alama ikawekwa. Wakaiita Ushahidi. Miaka miwili baadaye, Januari 2010, tetemeko lilipoibomoa Haiti, programu hiyo hiyo ilitumiwa kuonyesha waliohitaji msaada walikuwa wapi.

Mpaka wakati wa ghasia zile, intaneti ilikuwa bado inapanda angani. Nchi za pembeni mwa Bahari ya Hindi zilikuwa zimevutana kwa miaka juu ya mkongo wa pamoja wa baharini, vikao haviishi. Bitange Ndemo, aliyekuwa katibu mkuu wa wizara ya habari na mawasiliano, akawa mmoja wa waliosukuma Kenya ijitafutie wake. Mkongo huo, TEAMS, ulitoka Fujairah, kwenye Falme za Kiarabu, ukafika Mombasa Juni 2009, ukifuata upande ule ule walikotoka mabaharia wa majahazi waliosukumwa na kaskazi. Mkongo mwingine, SEACOM, ukaanza kazi mwezi uliofuata. Ndani ya mkongo kuna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na mwanga ndio unaobeba maneno. Msidhani haudhuriki. Februari 2012 meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandarini Mombasa ilitia nanga pasipotakiwa, ikaukata TEAMS, na intaneti ikazorota mpaka nchi za jirani.

Sasa waya upo, mafundi wapo. Wakutane wapi? Wengi walikuwa wakifanya kazi chumbani kwao, au katika saiba walikolipa kwa dakika. Machi 2010 ikafunguliwa iHub, ghorofa ya nne ya jengo la Bishop Magua, Barabara ya Ngong, na Hersman ndiye aliyeiongoza. Kulikuwa na meza ndefu, kahawa, na intaneti ya kasi ambayo mwanachama aliyekubaliwa hakuilipia. Thamani yake kubwa, kwa maoni yangu, ilikuwa kusikia anachokisema jirani. Programu imekukwamia tangu asubuhi, unaguna, na mtu wa meza ya pili anageuka kukwambia umesahau mabano.

Mwaka huo huo wasichana waliochoka kuwa wachache katika fani ya kompyuta waliunda AkiraChix, ili wenzao wafundishwe kuandika programu. Na katika shindano la saa 48 wakashinda wanawake watatu, Jamila Abass, Susan Oguya na Linda Kwamboka, kwa M-Farm, iliyomwezesha mkulima kuuliza bei ya sokoni kwa ujumbe mfupi kabla dalali hajamfikia shambani. Kisha ikaja M-KOPA, kampuni iliyouza mtambo wa umeme wa jua wenye laini ya simu ndani yake. Ulilipa kidogo kidogo kila siku kwa M-Pesa, taa zikawaka. Usipolipa, zilizimwa kutoka mbali. Bila lile daftari la wakala, biashara hiyo isingewezekana.

Lakini ile tabia ya kwenda nje na kurudi haikwisha. Kwa miaka mingi mitambo ya M-Pesa ilikuwa Ujerumani. Mama mboga wa Kawangware akilipwa shilingi 100 na jirani yake, hesabu ilifanyikia kule, hadi mitambo ilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Na leo kampuni nyingi changa zinazofanya kazi Nairobi zimeandikishwa Delaware, jimbo dogo la Marekani, kwa sababu wawekezaji wameizoea sheria ya huko. Vijana Wakenya wamelalamika sana kwamba mgeni huchangiwa mamilioni kwa wazo ambalo mwenyeji alilitembeza miaka bila kusikilizwa. Nadhani wana haki ya kulalamika.

iHub nayo ilihama Bishop Magua, na mwaka 2019 ikanunuliwa na CcHub, kituo cha aina hiyo hiyo cha Lagos. Wako waliosikitika. Mimi sikusikitika sana. Lagos ni mbali, lakini huko nako umeme hukatika katikati ya kazi, na mmiliki mpya hakuhitaji kuelezwa kwa nini bajeti ina mafuta ya jenereta.