Joe Magarac: Shujaa wa chuma mwenye jina la punda

WASWAHILI husema afe punda, mzigo ufike. Katika eneo la Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, kuna ngano ya shujaa wa wafanyakazi wa viwanda vya chuma ambaye jina lake maana yake ni punda. Wataalamu wangali wanajadili iwapo jina hilo lilikuwa sifa au kejeli.

Shujaa huyo ni Joe Magarac. Yasimuliwa kwamba alizaliwa ndani ya mlima wenye madini ya chuma, na mwili wake wote ulikuwa wa chuma. Alifanya kazi usiku na mchana, akikomea kula tu. Alichota chuma kilichoyeyuka kwa mikono mitupu, na alipokibinya, reli zilichomoza katikati ya vidole vyake.

Bidii hiyo ilizaa balaa. Reli zilijaa uwanjani hata kiwanda kikalazimika kufungwa kwa siku kadhaa. Joe, asiyeweza kuishi bila kazi, alijiyeyusha tanuruni ili apatikane chuma bora cha kujengea kiwanda kipya.

Ngano hiyo ilichapishwa mwaka wa 1931 na mwandishi Owen Francis katika jarida la Scribner's. Francis alisema aliipata kwa wahamiaji kutoka Ulaya ya Mashariki waliofanya kazi katika bonde la mto Monongahela. Baadaye ilienea kupitia vitabu vya watoto.

Hata hivyo, mwaka wa 1953 mtafiti Hyman Richman alichapisha matokeo ya mahojiano yake na wafanyakazi wa chuma. Hakupata ushahidi kwamba ngano hiyo ilikuwa ikisimuliwa miongoni mwao. Isitoshe, katika lugha za Kikroatia na Kiserbia, kumwita mtu 'magarac' ni kumtukana. Ndiposa baadhi ya wataalamu hushuku kwamba wahamiaji hao walikuwa wakimfanyia Francis mzaha.

Historia yaipa hoja hiyo uzito. Mwanzoni mwa karne ya 20, wengi wa wafanyakazi hao walitumikia zamu za saa 12, na wengine siku saba kwa wiki. Walipobadilishana zamu ya mchana na ya usiku, baadhi yao walilazimika kukesha kazini saa 24 mfululizo.

Mnamo Septemba 1919, wafanyakazi wapatao 350,000 waligoma wakidai, miongoni mwa mengine, kupunguziwa saa za kazi na kutambuliwa kwa chama chao. Mgomo huo ulisambaratika Januari 1920. Kampuni ya US Steel ilianza kuiondoa zamu ya saa 12 mwaka wa 1923, na haikukitambua chama cha wafanyakazi hadi 1937.

Kwa mwajiri, Joe alikuwa kielelezo cha mfanyakazi mwema: hachoki, hagomi, wala hadai nyongeza ya mshahara. Kwa waliogoma mwaka wa 1919, mtu wa namna hiyo alistahili kabisa kuitwa punda.