Nani Aliandika Jalada la Shinkolobwe?

Yakitajwa mauaji ya kikoloni nchini Kongo, hakosi mtu wa kusema: leteni hati. Hati isipopatikana, anahitimisha kwamba hayakutokea. Hoja hiyo inasikika kama ya kitaalamu, lakini inaruka swali la kwanza la mwanahistoria: karatasi hizi aliziandika nani, na zilizokosekana zilikwenda wapi?

Tazameni Shinkolobwe, mgodi ulio karibu na Likasi, mji ulioitwa Jadotville enzi za Wabelgiji. Kampuni ya Union Minière ilipima na kuandika kila kilichouzwa. Ndiyo maana tunajua kuwa mwaka 1940 mkuu wake, Edgar Sengier, alipeleka New York zaidi ya tani 1,000 za madini ya urani, na kwamba baadhi ya mawe yale yalikuwa na oksidi ya urani kwa asilimia 65. Yalitumika kuunda bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945, na jina la mgodi likafanywa siri. Afya ya Wakongo walioyachambua mawe hayo kwa mikono haikufuatiliwa kwa umakini kama huo. Anayesema hawakudhurika kwa kuwa majalada hayasemi, anamwachia mwajiri ajiandikie hukumu.

Kuna ukimya mwingine uliotengenezwa kwa moto. Mwaka 1908, Leopold II, mfalme wa Ubelgiji aliyeitawala Kongo kama mali yake, alipokuwa akilazimika kuikabidhi Kongo kwa Ubelgiji, nyaraka za dola yake zilichomwa Brussels kwa siku kadhaa. Leo watetezi wake wanadai takwimu kamili kutoka ofisi ile ile! Idadi ya waliokufa inajadilika kihalali, maana sensa haikuwepo. Anayetaja milioni 10 anakadiria. Upotoshaji huanza pale shaka juu ya idadi inapogeuzwa shaka juu ya mauaji yenyewe.

Kenya ilipitia hayo. Mwaka 2011 Uingereza ilikiri kuwa na maelfu ya majalada ya makoloni yaliyofichwa Hanslope Park. Mwaka 2013 ikakubali kuwafidia zaidi ya wazee 5,000 walioteswa wakati wa Mau Mau.

Katanga, eneo la Shinkolobwe, nayo ina Desemba 1941, askari walipowapiga risasi wafanyakazi wa Union Minière waliogoma. Ripoti za serikali zinataja makumi ya waliouawa. Wazee husimulia wengi zaidi. Mzee ahojiwe: alikuwa wapi, aliona nini, alisikia kwa nani. Afisa aliyeandika ripoti naye aulizwe hayo hayo, kisha aulizwe aliyetoa amri ya kufyatua alikuwa nani kwake.