Siku ya Kumi na Nne

Hesabu hii mabinti wengi wa Kurasini wanaijua kabla hawajafika kidato cha tatu. Unaanza na siku uliyoona damu, unahesabu mpaka ya kumi na nne, hapo ndipo penye hatari. Weka siku mbili kabla na mbili baada. Zilizobaki ni salama. Wameipata kwa dada, kwa rafiki wa dawati moja, kwenye simu. Wanaiamini kwa sababu ni hesabu, nao wamefundishwa tangu darasa la kwanza kwamba hesabu haidanganyi.

Hii inadanganya. Yai halipangi safari yake kwa kuangalia hedhi iliyopita. Hutoka takriban siku kumi na nne kabla ya hedhi ijayo. Kwa mwanamke ambaye mzunguko wake ni siku 28, mahesabu hayo mawili yanaangukia siku moja, na ndiko namba hiyo ilikotoka. Lakini msichana aliyevunja ungo mwaka juzi bado hajaufikia utulivu huo. Katika miaka ya mwanzo mzunguko mmoja unaweza kuwa wa siku 21 na unaofuata ukafika 45, maana ubongo na ovari bado zinazoeana. Mzunguko ukiwa wa siku 25, yai hutoka kama siku ya 11. Ukiwa wa 38, hutoka kama siku ya 24, katikati kabisa ya zile alizoambiwa ni salama. Naye hawezi kujua huu wa sasa utakuwa wa siku ngapi mpaka uishe. Juu ya hayo, mbegu za kiume zinaweza kukaa hai katika njia ya uzazi hadi siku tano zikilingoja yai, ambalo lenyewe halidumu zaidi ya saa 24. Kalenda ya ukutani haina namna ya kuyajua haya.

Nimeanza na yai kwa makusudi, kwa sababu mjadala wetu kuhusu mimba za wanafunzi huanza na tabia na kuishia kwenye tabia. Tabia zina mahali pake. Kurasini ni kata ya bandari ya Dar es Salaam: malori ya Zambia na Kongo yanapanga foleni, bodaboda zimejaa kila kona, na asubuhi konda wa daladala anawakwepa wanafunzi kwa sababu nauli yao ni ndogo. Binti anayechelewa shule akipewa lifti mara moja, mara mbili, kisha chipsi mayai jioni, anajikuta na deni ambalo hakulikopa. Aliyempa lifti ni mtu mzima, na sheria inamjua: tangu mwaka 2016 anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Kifungo hicho, hata kikitolewa, hakiiondoi mimba. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 19 wameshawahi kupata ujauzito.

Mji huu umejengwa juu ya ardhi ya Wazaramo, na Wazaramo hawakumwacha mwali ajifunze kwa shoga yake. Alipovunja ungo aliwekwa ndani, akakabidhiwa kwa kungwi, akafundishwa mwili wake kwa nyimbo, kwa ngoma na kwa kinyago kidogo cha mti kiitwacho mwana hiti. Mtafiti Marja-Liisa Swantz kutoka Finland aliyaandika mambo haya katika kitabu chake cha mwaka 1970. Sisemi turudi huko. Kungwi alimwandaa mwali kuwa mke, na ndoa ilikuwa mlangoni. Jinsi ya kungoja miaka kumi halikuwa somo lake. Siku hizi binti anavunja ungo akiwa na miaka 13 au 14, na tangu ada ya sekondari ya serikali ilipoondolewa mwaka 2016 tunamtarajia abaki darasani mpaka kidato cha nne. Shule imemchukua mwali, lakini kazi ya kungwi imeiacha barazani.

Mtaala hauko mtupu. Kwa miaka mingi somo la Baiolojia limeuweka mfumo wa uzazi kidato cha tatu, pamoja na uzazi wa mpango. Kidato cha tatu ni umri wa miaka 16 au 17, na wako ambao dawati lao wakati huo limeshabaki tupu. Tena somo lenyewe ni kwa Kiingereza. Binti anaweza kuchora mfuko wa uzazi, akaandika majina ya kila sehemu bila kosa, akapewa alama zake zote, bila kutambua kwamba mchoro ule ni wa tumboni mwake.

Hofu ya wazazi naielewa, kwamba ukilitaja umeliita. Imechunguzwa sana. UNESCO ilipokusanya tafiti za nchi nyingi kwa ajili ya mwongozo wake wa mwaka 2018, haikukuta kwamba elimu ya uzazi na ujinsia inawaharakisha vijana kuanza ngono. Mahali kadhaa iliwachelewesha.

Penye ukimya kuna P2. Jina limetokana na Postinor-2, na siku hizi vijana hulitumia kwa kidonge chochote cha dharura cha kuzuia mimba. Ndani yake mna homoni iitwayo levonorgestreli. Kazi yake ni moja: kuizuia ile ishara ya ubongo inayoliamuru yai litoke, ili yai lichelewe na mbegu zife zikingoja. Ndiyo maana saa zina thamani. Mapema ndiyo bora, na kwa kawaida huhesabiwa saa 72. Yai likiwa limeshatoka, kidonge hakina tena cha kuzuia. Hakitoi mimba na hakiharibu kizazi, lakini pia hakizuii VVU, na hakikutengenezwa kuwa njia ya kila wiki.

Njia za kutumia kwa muda mrefu zaidi zinajulikana kwa majina ya mtaani: kijiti, sindano, kitanzi, vidonge vya majira. Katika matumizi ya kawaida, kati ya wanawake 100 kwa mwaka mmoja, kondomu za kiume huacha takriban 13 wakipata mimba, vidonge 7, sindano 4, na kijiti chini ya mmoja. Kondomu peke yake ndiyo inayokinga na magonjwa pia. Bohari ya Dawa, inayosambaza bidhaa hizi nchini, iko Keko, jirani kabisa na Kurasini.

Umbali uliobaki ni wa dirisha la zahanati. Miongozo ya taifa ya uzazi wa mpango inasema huduma ni haki ya kila aliye katika umri wa kuzaa, vijana wakiwemo, awe ameolewa au la. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2000 uliwakuta watoa huduma wengi nchini wakiweka masharti yao wenyewe ya umri, ndoa na idadi ya watoto. Muuguzi naye yuko njia panda: Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inamhesabu msichana asiyeolewa aliye chini ya miaka 18 kuwa hawezi kuridhia. Binti akiona sare ya shule inatazamwa, anageuza.

Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana walioacha shule kwa ujauzito warudi darasani. Ni hatua kubwa, na nimeifurahia. Lakini kabla ya kurudi, binti huyo hupita kliniki. Mtoto anapimwa uzito, anachomwa chanjo, anaandikwa kwenye kadi. Kisha muuguzi anavuta kiti, anatandaza mezani kondomu, vidonge, kitanzi na kijiti, anamuuliza mama kama ameshafikiria njia ya kupanga uzazi. Mama ana miaka 17. Ni mara ya kwanza mtu mzima kumweleza, kwa Kiswahili, yai hutoka lini.