KUSHIKAMANA KWA RANGI NA MABATI MAPYA



Rangi ya ghala inapokaguliwa, desturi ya Halmashauri zetu ni kuitazama kwa macho: imeenea, inang'aa, basi fundi hulipwa. Masika yakipita, rangi huinuka mabatini vipande vipande kama ganda la ndizi. Maji hujificha chini ya ganda hilo, hukaa pale hata siku za jua, yakaila zinki. Mwisho bati hutoboka juu ya magunia ya wanachama. Rangi isiyoshika yaweza kuwa mbaya kuliko kukosa rangi kabisa.

Bati jipya limevikwa zinki kiwandani, na mara nyingi juu ya zinki huwapo utando mwembamba wa mafuta au wa dawa ya kulihifadhi. Rangi ikipakwa juu ya utando huo, imeshika utando, haikushika bati. Liko na jambo la pili, lisilojulikana na wengi. Rangi ya kawaida ya mafuta, ile ya milango na madirisha, ina asidi ambazo zikipata unyevu huungana na zinki na kufanya sabuni. Naam, sabuni, jamaa ya ile ya kufulia! Yakiwa haya ndiyo yaliyo baina ya bati na rangi, nani atashangaa rangi ikibanduka? Mwenye duka hulaumiwa bure. Rangi yake ni nzima, ila imepakwa mahali pasipo pake.

Kwa hiyo bati lisuguliwe kidogo kwa msasa laini, pasipo kuimaliza zinki, lioshwe kwa sabuni ya unga, lisuuzwe, likauke kabisa. Kisha ipakwe rangi ya kwanza ambayo kopo lake limeandikwa kuwa ni ya mabati ya zinki. Chama kisichomudu gharama hizo, kwa maoni yetu, ni heri kiliache bati jipya lilivyo, maana zinki yenyewe huzuia kutu kwa miaka mingi.

Kazi ikiisha, na rangi ikikauka wiki moja, lipo jaribio jepesi la kimataifa, ISO 2409. Mahali pa kificho, kwa wembe na rula, hukatwa mistari 6 yenye nafasi ya milimita 2, kufikia bati. Kisha 6 mingine ya kuikingama, ipatikane miraba 25. Hubandikwa utepe wa gundi, ukakandamizwa, ukavutwa. Pasipobanduka kitu, alama ni 0, iliyo bora. Ikitoka zaidi ya asilimia 65 ya eneo hilo, alama ni 5. Mikato ipakwe rangi tena.

Lakini jaribio hilo halifichui sabuni, ambayo hufanyika polepole. Rangi ya mafuta yaweza kupata 0 leo na kubanduka mwakani. Basi Katibu asome kopo kabla halijafunguliwa, na mkataba useme kwamba sehemu ya malipo itabaki katika hazina ya chama mpaka masika yapite. Ila chama kikiwa ndicho kilichomnunulia fundi rangi isiyofaa, fundi na alipwe zote.